HARIRI NA JERAHA LA USO: HISTORIA FUPI YA UZI ULIOTOKA NGUONI UKAINGIA HOSPITALINI

Katika lugha yetu neno hariri limekaa zaidi na shangwe kuliko na maradhi. Hutajwa katika harusi, katika sifa za bibi arusi, na katika habari za vilemba na majoho ya wakubwa wa zamani. Mwalimu akiliandika neno hilo ubaoni na kuwauliza wanafunzi linawakumbusha nini, aghalabu atajibiwa: nguo laini, nguo ya thamani, utajiri. Ni nadra kumpata atakayejibu: jeraha. Na hata hivyo, kwa muda usiopungua miaka elfu moja na mia nane, matabibu wameitumia hariri kufunga mishipa inayovuja damu na kushikanisha ngozi iliyopasuka. Katika miaka yetu hii wataalamu wameirudia tena, si kama uzi tu, bali kama utando, sponji na ute wa kuponyeshea vidonda.

Makala haya yanakusudia kueleza historia hiyo kwa ufupi, hasa kwa upande wa majeraha ya uso. Mwandishi si tabibu. Kazi yake ni kufundisha lugha. Lakini mwalimu wa lugha naye ana haki, na pengine ana wajibu, wa kuuliza jinsi mambo haya yanavyoweza kusemwa kwa Kiswahili safi, ili mwananchi aliyejeruhiwa aelewe anachofanyiwa.

Kwa nini uso?

Wahenga walisema kwamba uso umeumbwa na haya. Mguu wenye kovu hufunikwa kwa nguo, na mkono huingizwa katika shati. Uso hauna pa kujificha. Mtu hutambuliwa kwa uso, huaminiwa au hushukiwa kwa uso, na huomba kazi kwa uso. Kwa hiyo anayeshona jeraha la uso hashoni ngozi peke yake, bali anashona pia nafasi ya mtu yule mbele ya wenzake.

Kuna na sababu za kimaumbile. Ngozi ya uso kwa jumla ni nyembamba, na ile ya kope ndiyo nyembamba kupita zote, unene wake ukiwa kama nusu ya milimita. Chini yake damu ni nyingi; ndiyo maana jeraha la uso hutoa damu kwa wingi na kutisha, lakini pia hupona upesi. Nyuzi za mshono wa usoni kwa kawaida hutolewa baada ya siku 3 hadi 5, ilhali zile za mguuni huweza kukaa hadi siku 14. Isitoshe, misuli ya uso imeshikamana na ngozi yenyewe, nayo haipumziki: tunacheka, tunatafuna, tunakunja kipaji. Kila mwendo huo huvuta kingo za jeraha. Tena sisi wenye ngozi nyeusi twajua tatizo jingine, yaani lile kovu linaloinuka na kupita mipaka ya jeraha, ambalo matabibu huliita keloidi. Hilo hutokea zaidi kwa watu weusi kuliko kwa weupe, na ncha ya sikio na taya ni miongoni mwa mahali linapopenda kuota.

Basi uzi au kitambaa cha kutibia uso hutakiwa kutimiza masharti matatu. Kwanza, kishike imara mpaka ngozi ijishike yenyewe. Pili, kisilete usaha. Tatu, kisiache alama. Tutaona kwamba kila zama ilijitahidi katika sharti mojawapo, na mara nyingi ikapungukiwa katika mengine.

Mdudu na uzi wake

Hariri tunayoizungumzia hutoka kwa kiwavi wa nondo aitwaye Bombyx mori, ambaye chakula chake ni majani ya mforsadi. Kiwavi huyo hula kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kisha hujizungushia uzi mmoja usiokatika mpaka akajifunika ndani ya kifuko chake. Uzi wa kifuko kimoja, ukinyoshwa, huweza kufika mita elfu moja na ushei.

Ukiutazama uzi huo kwa hadubini utaona kwamba si kitu kimoja. Katikati mna nyuzi mbili nyembamba za protini iitwayo fibroini. Hizo ndizo zenye nguvu na mng'ao. Nje yake mna gundi, nayo pia ni protini, iitwayo serisini. Hiyo ndiyo inayoziunganisha nyuzi na kukikaza kifuko, na uzito wake huwa kama robo ya uzito wote. Wafumaji wa zamani waliichemsha hariri ili kuiondoa gundi hiyo na kuilainisha nguo. Namwomba msomaji ayashike majina haya mawili, fibroini na serisini, kwa maana tutayarudia.

Ufugaji wa kiwavi huyo ulianza China. Huko Qianshanyang, katika jimbo la Zhejiang, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata mabaki ya kitambaa cha hariri yanayokadiriwa kuwa ya mwaka 2700 hivi kabla ya Kristo. Kutoka China hariri ilisafiri kwa misafara ya nchi kavu na kwa majahazi. Pwani yetu haikukosa fungu lake. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alivishwa kwa heshima ya mgeni, na miongoni mwa nguo alizopewa mlikuwa na shuka ya hariri ya kufunga kiunoni. Tena alimwona sultani akitembea chini ya miavuli ya hariri ya rangi. Neno letu lenyewe, hariri, ni la Kiarabu, nalo ni ushahidi wa njia iliyopitwa na bidhaa hiyo. Lakini nguo ilipofika, habari ya uzi wa kushonea watu haikuandamana nayo.

Galeni na nyuzi za mabibi

Tabibu wa kwanza mashuhuri aliyeacha maandishi yanayoitaja hariri kwa kazi ya upasuaji ni Galeni, mzaliwa wa mji wa Pergamo katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alizaliwa kama mwaka 129. Mwaka 157 aliwekwa kuwa tabibu wa wale wapiganaji wa uwanjani waliopigana kwa panga mbele ya watazamaji. Hapana shaka kwamba kazi hiyo ilimfunza mengi, maana majeraha aliyoyaona hayakuwa ya kukwaruzwa.

Katika kitabu chake juu ya njia ya kuponya, Galeni alieleza jinsi ya kufunga mshipa unaovuja damu. Alitaka uzi usiooza upesi mwilini, usije ukafunguka kabla mshipa haujaziba. Aliutaja uzi wa kitani uliouzwa Rumi. Na kwa tabibu aliye mahali pasipopatikana uzi huo, alishauri hariri, akisema kwamba mabibi matajiri katika nchi nyingi za dola ya Rumi walikuwa nayo, hasa katika miji mikubwa. Hebu tulitafakari shauri hilo. Hariri haikununuliwa dukani kwa ajili ya mgonjwa. Iliombwa katika nyumba ya mwenye nacho. Tangu siku ile ya kwanza swali la dawa hii limefungamana na swali la nani anayo na nani hana. Wakati huo hariri yote ilitoka mbali. Mayai ya nondo huyo yaliletwa Konstantinopoli kwa siri na watawa kama mwaka 552, wakati wa Mfalme Justiniano, miaka zaidi ya mia tatu baada ya Galeni kufa.

Yafaa kutaja hapa kwamba hata mtu asiye na hariri ya nondo alikuwa na hariri ya buibui. Plinio, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba utando wa buibui huzuia damu ya mikato inayotokea kwa kinyozi. Basi huo nao ni uzi wa mdudu uliowekwa juu ya jeraha la uso, ijapokuwa jeraha dogo. Plinio hakujua kwa nini ulifaa, wala hakujua hatari ya uchafu uliokuwa ndani yake.

Sindano yenyewe ni jeraha

Kwa karne nyingi baada ya Galeni sharti la kwanza, la kushika imara, lilihesabiwa limetimizwa. Lakini kila tundu la sindano ni jeraha jipya, na usoni matundu hayo huacha vidoa viwili viwili kandokando ya kovu, kama nyayo za ndege juu ya mchanga. Aliyelishughulikia jambo hilo kwa akili nyepesi ya kutenda ni Ambroise Paré wa Ufaransa, aliyeishi kuanzia 1510 hadi 1590. Huyu hakuanza kama mwanachuoni wa Kilatini, bali kama kinyozi-mpasuaji, akapata ujuzi wake vitani.

Kwa majeraha ya uso Paré alitumia mshono alioueleza kuwa mkavu. Alichukua vipande viwili vya kitambaa, akavipaka gundi, akakibandika kimoja upande huu wa jeraha na kingine upande ule. Gundi ilipokauka aliishona nguo na nguo, si ngozi na ngozi, kisha akavuta uzi mpaka kingo za jeraha zikakutana. Kwa njia hiyo sindano haikuigusa ngozi ya uso hata kidogo. Wazo hilo ni la zaidi ya miaka mia nne, nalo ndilo lililo ndani ya plasta nyembamba zinazobandikwa leo katika zahanati ili kuzuia mshono.

Hariri ilikuja kuingia katika wazo hilohilo kwa mlango usiotazamiwa, yaani mlango wa mapambo. Katika karne ya 17 na ya 18 mabibi wa majumba ya wafalme Ulaya walikuwa na desturi ya kubandika vidoa vyeusi vya hariri usoni, ama kwa urembo, ama kwa kufunika makovu, na ndui ilikuwa imewaachia wengi makovu hayo. Kutokana na desturi hiyo ikazuka plasta iliyopewa jina la majumba ya wafalme. Ilikuwa kipande cha hariri nyepesi kilichopakwa gundi iliyopikwa kwa vibofu vya samaki. Mtu alikilowesha, akakibandika juu ya mkato mdogo, kikakauka na kushika. Plasta hiyo iliuzwa madukani katika karne yote ya 19. Kwa hiyo hariri ilikuwa dawa ya ngozi ya uso zamani kabla ya mtaalamu yeyote kuiita kwa majina ya kisasa.

Vita dhidi ya usaha

Sharti la pili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Matabibu wengi wa zamani waliuona usaha kuwa sehemu ya kawaida ya kupona. Mabadiliko yalianza na Joseph Lister, mpasuaji wa Glasgow. Tarehe 12 Agosti 1865 alimtibu mvulana wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni, akalifunika jeraha kwa kitambaa kilicholoweshwa katika asidi ya kaboliki. Mguu ukapona bila ya kuoza. Mwaka 1867 Lister alitangaza mafanikio yake katika jarida la matabibu.

Ni muhimu kuona nafasi ya hariri katika kazi hiyo. Mwishoni mwa 1867 Lister alifunga mshipa mkubwa wa shingo ya farasi kwa uzi wa hariri uliolowekwa katika asidi ya kaboliki, na mwaka 1868 akatumia uzi wa namna hiyo kwa binadamu. Kadhalika, alipoona kwamba asidi yenyewe huichoma nyama changa inayoota, alitengeneza kitambaa cha hariri iliyopakwa mafuta na vanishi, akakiweka kati ya jeraha na dawa. Hapo hariri ilikuwa ngao: kazi yake haikuwa kuponya bali kumwacha mwili ujiponye. Hata hivyo, kwa nyuzi Lister mwenyewe baadaye alipendelea zile za utumbo wa kondoo, kwa kuwa mwili huzila na kuzimaliza.

Lakini utumbo una kasoro yake. Haustahimili kuchemshwa, na ukiwa na viini vya maradhi ndani yake, utavipeleka moja kwa moja katika jeraha. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1909, alichoshwa na madhara hayo, na mwaka 1888 akatangaza kwamba ameacha utumbo na kurudi kwenye hariri, ambayo yaweza kuchemshwa bila ya kuharibika. Huko Marekani William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins alifuata njia hiyo. Mwaka 1913 aliandika kuitetea hariri nyembamba sana, inayotumiwa kwa sindano ndogo na mkono mpole. Mafundisho yake yalikuwa kwamba tabibu asitumie uzi wenye nguvu kupita nguvu za nyama anayoishona. Kwa uso, maneno hayo yana thamani ya pekee.

Mara tu baada ya hapo ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Askari waliinua vichwa juu ya mahandaki, na risasi na vipande vya makombora vikawapata usoni. Huko Sidcup, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1917 hospitali ya majeraha ya uso chini ya Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand. Waliotibiwa huko walizidi 5,000, na upasuaji waliofanyiwa ulizidi 11,000. Inasimuliwa kwamba baadhi ya viti vya njiani karibu na hospitali hiyo vilipakwa rangi ya buluu, ili mpita njia ajue kwamba aliyeketi hapo huenda akawa na uso wa kutisha, asishtuke. Habari hiyo yatosha kueleza kwa nini jeraha la uso si jambo la urembo tu.

Hariri yashtakiwa

Katikati ya karne ya 20 hariri ilianza kupoteza heshima yake. Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza lilihusu umbo la uzi. Uzi wa hariri wa kushonea husokotwa au husukwa kwa nyuzi ndogo nyingi, na kati ya nyuzi hizo mna nafasi. Kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta, ndivyo uzi huo unavyonyonya maji ya jeraha, na viini vya maradhi pamoja nayo. La pili lilihusu mwili: baadhi ya wagonjwa, hasa waliowahi kushonwa kwa hariri hapo kabla, walipata uvimbe na vinundu kuzunguka mshono.

Wakati huohuo mshindani alikuwa amezaliwa. Mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake huko Marekani walitengeneza nailoni. Uzi wa nailoni waweza kuwa mmoja, laini, usio na nafasi ndani yake. Kwa ngozi ya uso nyuzi za namna hiyo zikachukua mahali pa hariri. Hariri ikabaki katika pembe chache, kama vile ndani ya kinywa na kwenye ukingo wa kope, ambako ulaini wake ni faida, maana ncha ya uzi mgumu humchoma mgonjwa.

Lau historia ingalikomea hapo, tungalisema kwamba kitu cha kale kilishindwa na kitu kipya. Lakini kulikuwa na swali ambalo kwa muda mrefu halikuulizwa vya kutosha: tunaposema hariri ina hatia, tunasema hariri ipi? Fibroini, au serisini?

Kesi yasikilizwa upya

Watafiti walipozitenganisha protini hizo waliona kwamba fibroini iliyosafishwa vizuri hupatana na mwili kwa kiasi kizuri. Lawama nyingi ziliangukia gundi, yaani serisini. Mwaka 2003 Gregory Altman, David Kaplan na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha muhtasari mrefu wa elimu hiyo, na tangu hapo utafiti umeongezeka sana. Tena hata serisini haikuhukumiwa moja kwa moja. Majaribio yaliyochapishwa mwaka huohuo yalionyesha kwamba serisini ikiwa peke yake haichochei sana chembe za ulinzi wa mwili. Na huko Thailand, Pornanong Aramwit alichapisha mwaka 2007 majaribio ya krimu ya serisini yaliyoonyesha kwamba ilisaidia kupona kwa vidonda vya panya. Basi aliyeshtakiwa akaonekana naye ana faida zake, mradi atumiwe mahali pake.

Njia ya kuitengeneza fibroini si ya ajabu kiasi cha kutoelezeka kwa Kiswahili. Vifuko hukatwa, hutolewa mdudu, na huchemshwa katika maji yenye sodiamu kaboneti, chumvi ambayo ni ya jamii moja na magadi yetu ya jikoni. Serisini huyeyuka ikaondoka pamoja na maji. Nyuzi zinazobaki husafishwa, hukaushwa, kisha huyeyushwa katika maji yenye chumvi nyingi iitwayo bromidi ya lithiamu, kwa joto la nyuzi 60 hivi. Mchanganyiko huo hutiwa katika mfuko wenye matundu madogo mno na kuzamishwa katika maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara, mpaka chumvi yote itoke. Kinachobaki mfukoni ni fibroini ndani ya maji, nayo iko tayari kufinyangwa.

Mchele mmoja, mapishi mengi. Ukimimina fibroini hiyo bapani ikakauka, utapata utando mwembamba unaopitisha nuru. Ukiigandisha na kuikausha, utapata sponji. Ukiiacha ishikane ndani ya maji, utapata ute. Ukiufanyia utando kwa mvuke wa maji au kwa alkoholi, minyororo ya protini hujikunja na kupangana karibu karibu, na utando hauyeyuki tena katika maji. Kwa kuongeza au kupunguza mpango huo mtaalamu huweza kuamua kama utando udumu mwilini kwa siku, kwa wiki au kwa miezi.

Kwa nini utando wa namna hiyo ufae kwa jeraha? Jibu lake lilianza mwaka 1962, pale George Winter wa Uingereza alipoonyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya upesi, kama mara mbili ya kile kilichoachwa kikauke na kufanya gaga. Utando wa hariri huhifadhi unyevu, hupitisha hewa, na kwa kuwa ni mwangavu humwezesha tabibu kulitazama jeraha bila ya kulifunua. Aidha chembe za ngozi hukubali kushika juu ya fibroini na kuzaana. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walionyesha kwa panya kwamba utando huo uliponya upesi kuliko vifuniko vya kawaida walivyovilinganisha navyo. Mwaka 2017 yalichapishwa majaribio ya China yaliyoanza kwa sungura na nguruwe, kisha yakafanywa kwa wagonjwa 71. Nayo yalionyesha kwamba muda wa kupona ulipungua, na matatizo pia, kuliko kwa kifuniko kilichokuwa kikiuzwa.

Hayo ni matumaini ya haki, lakini yasitiwe chumvi. Majaribio mengi bado ni ya wanyama, na ngozi ya panya hupona kwa njia isiyolingana sawasawa na ya binadamu, kwa kuwa hujikunja na kujifunga zaidi. Majeraha ya uso hasa, yenye kuvutwa na misuli, yanahitaji majaribio yake yenyewe, na kovu hupimwa kwa miezi si kwa siku. Tena mwalimu anayesoma makala haya darasani awaonye wanafunzi: kitambaa cha hariri cha dukani si dawa. Kina rangi, kina vumbi, na hakikuchemshwa kwa kazi hiyo. Aliyepasuka usoni aoshwe jeraha kwa maji safi, damu izuiwe kwa kitambaa safi kinachokandamizwa, na apelekwe hospitali mapema kwa ajili ya kushonwa na kukingwa na pepopunda.

Hariri yetu na lugha yetu

Tulimsikia Galeni akiwategemea mabibi matajiri wa Rumi. Je, leo tegemeo ni nani? Kifuniko chochote kipya cha jeraha, kikitoka kiwandani mbali, hufika kwetu kwa bei kubwa. Lakini Afrika ya Mashariki si nchi isiyo na hariri. Mforsadi humea kwetu. Taasisi ya elimu ya wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, ambayo hujulikana kwa jina la icipe, imewafundisha wakulima ufugaji wa nondo wa mforsadi, na huko Mwingi, Kenya, imewasaidia wanakijiji kuvuna hariri ya nondo wa mwituni aitwaye Gonometa. Hapa Uganda nako misitu ina nondo wa jamii ya Anaphe, ambao viwavi wake hufuma kiota kimoja cha wengi. Hariri hizo za mwituni si sawa na ile ya mforsadi katika mpango wa protini zake, na haifai kudhani kwamba litokalo kwa moja litatoka kwa nyingine. Lakini malighafi iko, na vijana watakaoichunguza wamo madarasani mwetu.

Hapo ndipo kazi yetu sisi walimu inapoingia. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwezi wa Julai 2022 kukifanya Kiswahili lugha rasmi na kutaka kifundishwe katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo utakuwa na maana ndogo ikiwa mwanafunzi ataweza kusifu hariri ya bibi arusi kwa Kiswahili, lakini akabubujikwa na lugha ya kigeni pindi anapotaka kueleza mshono wa uso wa ndugu yake. Na tazama: katika makala haya yote maneno ya kigeni yaliyolazimika ni machache, kama fibroini, serisini na majina ya chumvi. Mengine tunayo. Tunayo mshono, uzi, utando, ute, gundi, ukingo, gaga, usaha, uvimbe na kinundu.

Tunazo hata tofauti ambazo wanafunzi wetu wengi wanazichanganya. Jeraha ni pale mwili ulipoumizwa kwa kukatwa, kupigwa au kuchomwa. Kidonda ni mahali palipo wazi pasipokwisha kupona, liwe lilianza kwa jeraha au kwa maradhi. Donda ni kidonda kikubwa au cha muda mrefu. Kovu ni alama iliyobaki baada ya kupona. Mgonjwa akimwambia mganga kwamba ana kovu ilhali ana kidonda, atatibiwa kwa namna nyingine. Napendekeza kwamba walimu wa kidato cha kwanza na cha pili wawape wanafunzi zoezi la kueleza safari ya jeraha moja tangu kupasuka hadi kovu, kwa kutumia maneno hayo manne kila moja mahali pake, kisha wasimulie kwa sentensi kumi jinsi kifuko cha nondo kinavyogeuzwa kuwa utando wa dawa.

Historia tuliyoipitia yatufundisha kutomhukumu mtu au kitu kwa jumla. Hariri ilisifiwa, ikashtakiwa, ikatupwa pembeni. Na iliporudishwa, haikurudishwa kwa sababu wapenzi wake walipiga kelele, bali kwa sababu watu waliketi wakatenganisha sehemu zake moja moja, wakauliza ni ipi inayodhuru na ni ipi inayofaa. Aliyeumia uso ana haja na subira ya namna hiyo. Ana haja pia na mtu wa kumweleza, kwa lugha anayoielewa, ni uzi gani umepita katika ngozi yake, utatolewa lini, na kovu litakuwaje. Kazi ya kwanza ni ya matabibu. Ya pili, kwa sehemu kubwa, ni yetu.